Melatonini au omeprazoli? Ulinganisho kwa mwenye vidonda vya tumbo

Siku hizi Tanga mjini si ajabu kumkuta mama wa Chumbageni au Makorora ana kichupa cha melatonini kabatini. Hakukinunua. Kaletewa na mtoto au mkwe aliyetoka Marekani, ambako vidonge hivi huuzwa rafu moja na vitamini, bila cheti cha daktari. Kililetwa kwa ajili ya usingizi. Kisha inazunguka video kwenye kundi la ukoo: melatonini inaponya vidonda vya tumbo. Na kwa kuwa ni nadra kupata nyumba isiyo na mtu anayelalamikia tumbo, swali linakuja lenyewe: niache omeprazoli, kidonge changu cha kupunguza asidi, nianze hii?

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka asisubiri: usiache. Ushahidi kwamba melatonini inasaidia kidonda kufunga upo, tena unavutia, lakini kwa binadamu wenye kidonda hasa ilipimwa ikiwa imeongezwa juu ya omeprazoli, haikupewa badala ya omeprazoli. Ila neno "usiache" peke yake halimsaidii mtu kuchagua. Mgonjwa wa kawaida ana mambo matano mbele yake: kidonge cha kupunguza asidi, dozi ya kuua bakteria, kichupa cha melatonini, usingizi wake mwenyewe, na dawa za jikoni anazoshauriwa na majirani. Kila kimoja kina kazi yake, na pesa ni zilezile.

Kabla ya kulinganisha, chanzo

Mwaka 1982 huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria wa kujipinda waliokuwa wakionekana kwenye matumbo ya wagonjwa. Ndio hao wanaoitwa Helicobacter pylori, kwa kifupi H. pylori. Wenzao hawakuwaamini, kwa sababu iliaminika hakuna mdudu anayeweza kuishi kwenye asidi kali kiasi kile. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, na siku chache baadaye tumbo lake likawa na uvimbe uliothibitishwa kwa kipimo. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobeli.

Hapa kwetu habari hiyo haijafika kwenye kila baraza. Bado mtu akiumwa tumbo analaumiwa kwa mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu. Kweli, ukiwa na kidonda pilipili itakuwasha, na kama inakuumiza iache. Lakini kilichotoboa ukuta wa tumbo mara nyingi ni kimoja kati ya viwili: bakteria huyo, au dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na kemikali hizohizo ndizo zinazolinda tumbo: zinaleta ute, zinapitisha damu ya kutosha kwenye ukuta wake. Mzee wa magoti anayemeza diklofenaki asubuhi na jioni mwezi mzima anajitengenezea kidonda bila kula hata pilipili moja.

Ninasisitiza chanzo kwa sababu ndicho kinachoamua uchaguzi. Mwenye bakteria na mwenye diklofenaki wanaweza kuumwa mahali palepale, chini kidogo ya kifua, saa zilezile za usiku, na dawa zao zisifanane.

Omeprazoli

Ukuta wa tumbo una vipampu vidogo sana vinavyosukuma asidi kuingia tumboni. Omeprazoli inavifunga, na kilichofungwa hakifunguki tena. Mwili hulazimika kutengeneza vipya. Ndiyo maana kidonge kimoja cha miligramu 20 hufanya kazi mchana kutwa na usiku, ingawa dawa yenyewe huisha kwenye damu ndani ya saa chache. Asidi ikipungua, kidonda kinapata nafasi ya kujifunga. Cha kwenye utumbo mdogo, pale unapoanzia, kwa kawaida hupewa wiki 4. Cha tumboni kwenyewe hupewa hadi wiki 8.

Inaharibiwa na jinsi inavyomezwa. Omeprazoli hukamata vipampu vilivyo kazini tu, na chakula ndicho kinachoviamsha, hivyo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, tumbo likiwa tupu. Watu wengi wanaimeza baada ya chai na chapati, au pale maumivu yanapobana, kisha wanaona haikufanya kitu wanasema "hii hainikubali". Dawa hii haikutengenezwa kutuliza papo hapo. Nguvu yake hujengeka kwa siku kadhaa. Anayetaka nafuu ya dakika hii atafune magnesiamu, ndiyo kazi yake, ila ajue magnesiamu inapooza asidi iliyokwisha kumwagika na baada ya saa moja au mbili mambo yanarudi.

Udhaifu wa omeprazoli ni miwili mikubwa. Peke yake haimalizi bakteria. Na kwa kuwa inaleta raha, watu huizoea: wanaimeza mwaka wa pili, wa tatu, bila mtu yeyote kuuliza kwa nini. Matumizi ya muda mrefu yanahusishwa na upungufu wa vitamini B12 na madini ya magnesiamu, na hatari zaidi ya maambukizi ya utumbo. Ukiiacha ghafla baada ya miezi mingi, tumbo humwaga asidi kuliko zamani kwa muda, na mtu anadhani kidonda kimerudi. Akitaka kuacha, apunguze taratibu.

Pamoja na hayo yote, katika ulinganisho huu ndiyo ninayoiweka mbele kwa kazi ya kufunga kidonda. Imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, inapatikana kila famasia, na madaktari wanajua itafanya nini.

Melatonini

Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale ndiye aliyeitenga mara ya kwanza, mwaka 1958, kutoka kwenye tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo wa ng'ombe. Kwa miaka mingi ikajulikana kama homoni ya usiku tu: giza likiingia tezi huimwaga, mwanga ukirudi inakoma. Baadaye ikagundulika kwamba tumbo na utumbo navyo vinaitengeneza, tena kwa wingi unaokadiriwa kufika mara 400 ya ile iliyomo kwenye tezi ya ubongo. Watafiti wakajiuliza: kitu cha usingizi kinatafuta nini tumboni?

Kundi la Stanisław Konturek huko Krakow, Poland, lilitumia miaka mingi kulijibu kwa majaribio ya panya. Panya waliojeruhiwa tumbo kwa pombe kali, kwa aspirini au kwa msongo, wakipewa melatonini walijeruhika kidogo na kupona upesi. Melatonini iliongeza damu inayopita kwenye ukuta wa tumbo, ilichochea zile prostaglandini za ulinzi, na ilifyonza chembe haribifu za oksijeni zinazochoma seli pale panapojeruhiwa. Asidi iliipunguza pia, ila si kwa kiwango cha omeprazoli.

Hapo ndipo tofauti ya msingi ilipo. Omeprazoli inamwondoa anayeshambulia. Melatonini inamtia nguvu anayeshambuliwa. Kwa hiyo swali la "ipi kati ya hizi mbili" lina kasoro tangu mwanzo, na waliofanya utafiti kwa binadamu walilijua hilo.

Mwaka 2011 huko Poland wagonjwa 42 wenye vidonda, nusu vya tumbo na nusu vya utumbo mdogo, wote wakiwa na H. pylori, waligawanywa makundi matatu. Wote walipewa omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku. Kundi moja likaongezewa melatonini miligramu 5 mara mbili, jingine triptofani miligramu 250 mara mbili, la tatu kidonge kisicho na dawa. Triptofani ni kirutubisho cha protini ambacho mwili hukitumia kutengeneza melatonini. Kufika siku ya 21, vidonda vyote vya waliopewa melatonini au triptofani vilikuwa vimefunga. Kwa waliotumia omeprazoli bila nyongeza, baadhi vilikuwa bado wazi.

Matokeo mazuri. Sasa tazama idadi: kila kundi lilikuwa na watu 14, pungufu ya wanaokusanyika kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Ngamiani baada ya magharibi. Dozi ya dawa haibadilishwi nchi nzima kwa ushahidi wa watu 14. Na tazama pia ni faida ya aina gani. Hao ambao vidonda vyao vilikuwa wazi siku ya 21 walikuwa kwenye wiki ya tatu tu, wakati omeprazoli hupewa wiki 4 hadi 8. Kilichoonyeshwa na utafiti ule ni mwendo wa haraka zaidi. Haukuonyesha kwamba melatonini inaponya kile ambacho omeprazoli inashindwa.

Misri nako, mwaka 2010, ulifanyika utafiti mdogo wa watu 36 kuhusu kiungulia, si vidonda, ukilinganisha melatonini miligramu 3 wakati wa kulala na omeprazoli. Melatonini ilisaidia. Lakini watafiti wenyewe walipendelea zitumike pamoja, si moja iiondoe nyingine. Pande zote tunarudi palepale: msaidizi, tena msaidizi mzuri.

Dozi ya bakteria

Hapa sitaki maneno mengi kuhusu kipi bora, kwa sababu hakuna mshindani. Kama kidonda kimeletwa na H. pylori, ukifunge kwa omeprazoli, kwa melatonini au kwa zote mbili, bakteria akibaki kidonda kina nafasi kubwa ya kurudi, na kwa wengi hurudi ndani ya mwaka mmoja. Akiuawa, kurudi kwake kunakuwa jambo la nadra. Melatonini si antibiotiki.

Dozi iliyozoeleka ni ya siku 14: omeprazoli mara mbili kwa siku, amoksilini gramu 1 mara mbili, na klarithromaisini miligramu 500 mara mbili. Kwenye usugu, au kwa mtu asiyepatana na penisilini, daktari huandika yenye bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli. Si dozi ya raha. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma, tumbo linaweza kuharisha, na ikifika siku ya tano mtu anajisikia vizuri anaona basi. Huyo ndiye anayefuga bakteria sugu. Anayepewa bismathi aambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, asije akakimbia hospitali bure.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wengi wanameza dozi hii bila kupima, au wamepimwa damu. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili, na askari hubaki miezi mingi hata baada ya adui kufa, kwa hiyo mtu aliyetibiwa vizuri mwaka jana anaweza kuambiwa tena "unao" na kuandikiwa dozi ya pili asiyoihitaji. Omba kipimo cha choo, au cha kupuliza pumzi pale kinapopatikana. Lakini acha omeprazoli wiki 2 kabla ya kupima na antibiotiki wiki 4 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Na urudi kupima baada ya dozi, si chini ya wiki 4 tangu umeze antibiotiki ya mwisho. Hatua hii ya mwisho karibu kila mtu huiruka.

Ukiniuliza mwenye pesa ya kitu kimoja anunue nini kati ya kichupa cha melatonini na kipimo cha choo, simfikirii mara mbili. Akapime.

Kichupa chenyewe

Bibi mmoja wa Mikanjuni aliniita nimsomee maandishi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu kanitumia hizi, zinaandikwa nini? Maana miwani yangu imevunjika mkono."

Ndani ya kichupa si vidonge, ni pipi laini za zambarau zilizoshikana kwa joto la Tanga. Maandishi yanasema miligramu 10 kwa pipi mbili. Bibi alikuwa anakula mbili baada ya wali wa usiku, na nyingine moja akiamka saa nane, kwa kuwa ni tamu na tumbo huuma saa hizo. Tumbo, asema, limetulia kidogo. "Ila alfajiri siinuki. Adhana naisikia, mwili haunyanyuki." Kando ya kichupa, kwenye kikopo cha plastiki, palikuwa na dawa yake ya presha: nifedipini.

Kwanza hiyo namba 10. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichunguza aina 25 za pipi za melatonini zinazouzwa huko, na 22 kati yake hazikulingana na lebo. Kiasi halisi kilikuwa kati ya asilimia 74 na asilimia 347 ya kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Kwa hiyo bibi, kwa pipi zake tatu za usiku, anaweza kuwa anakula miligramu 11, au zaidi ya 50. Omeprazoli iliyosajiliwa kama dawa haina mchezo huo: ikiandikwa 20, inatakiwa iwe 20, na kuna mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, inayosimamia. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa kuliko tofauti yoyote ya maabara.

Pili, nifedipini. Mwaka 2000 watafiti wa Italia waliwapa melatonini miligramu 5 kila usiku wagonjwa wa presha waliokuwa wametulia kwa nifedipini. Namba ya juu ya presha yao ilipanda kwa wastani wa zaidi ya alama 6. Kwa kijana haina uzito sana; kwa bibi wa miaka sabini na kitu ni jambo la kumwambia daktari wake. Bibi nilimshauri aweke kichupa pembeni, aende kliniki yake ya presha nacho mkononi, na aulize kuhusu tumbo hapohapo. Alichukia kidogo. Pipi alizipenda.

Wengine wa kuwa waangalifu: anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu, na kidonda tayari ni mlango wa damu; anayemeza antibiotiki ya siprofloksasini, ambayo hupunguza kasi ya ini kuiondoa melatonini; mjamzito na anayenyonyesha; na yeyote anayeendesha bodaboda au daladala ya alfajiri. Kwa mtu mzima asiye na hayo, melatonini ya muda mfupi kwa jumla ni dawa pole. Inaleta usingizi mzito, kichwa kuuma, ndoto nyingi, basi.

Melatonini isiyonunuliwa

Sehemu hii ndiyo inayonivutia kuliko zote, na haizungumzwi kwenye video.

Usiku tumbo la binadamu humwaga asidi zaidi, kilele chake kikiwa kati ya saa nne usiku na saa nane. Mwenye kidonda cha utumbo mdogo analijua hilo bila kusoma popote: huamshwa na maumivu saa saba au saa nane, anakula kipande cha mkate au anakunywa maziwa, anapata ahueni. Karibu na saa hizo, kwenye giza, ndipo mwili huwa na melatonini yake nyingi zaidi kwenye damu. Ulinzi na shambulio vinakutana usiku.

Sasa mtu anakaa na simu usoni hadi saa sita, taa ya chumba inawaka. Mwanga, hasa wa buluu wa skrini, unaichelewesha na kuipunguza melatonini ya tezi. Ile ya utumbo haitegemei mwanga kwa namna hiyo, inafuata zaidi chakula, kwa hiyo nisiseme kwamba simu inatoboa tumbo. Haikuthibitishwa. Lakini mtu anayetumiwa melatonini kutoka ng'ambo huku anaikata ya kwake kila usiku kwa skrini, mimi namwona kama anafanya biashara ya hasara.

Tanga ina watu wengi ambao usiku wao si wa kulala: vibarua wa bandarini meli ikifika, wa zamu kwenye kiwanda cha saruji Pongwe, walinzi, manesi wa hospitali ya Bombo. Na wavuvi wa dagaa wa Sahare na Deep Sea, ambao wana kalenda yao. Wakati wa giza, mwezi usipoonekana, wanatoka magharibi na kurudi alfajiri, wamekaa usiku kucha mbele ya taa kali zinazoita samaki. Mbalamwezi ikija wanalala nyumbani. Mwili haupati nafasi ya kuzoea upande wowote. Ongeza kahawa chungu, sigara, kula saa nane usiku, na kidonge cha diklofenaki kwa ajili ya mgongo wa kuvuta nyavu. Mtu huyu ukimpa melatonini ya kumeza jioni akiwa anaelekea baharini umemtia hatarini, maana atasinzia chomboni. Kinachomfaa ni kutia giza chumba cha mchana: pazia zito, kofia ya macho, simu nje, alale kwa mkupuo mmoja badala ya vipande. Na sigara aiache. Sigara huchelewesha kidonda kufunga, na pia hulifanya ini kuiondoa melatonini haraka.

Ile triptofani ya utafiti wa Poland imo kwenye samaki, mayai, maziwa, karanga, korosho na mbegu za maboga. Sisemi samaki aina ya changu na korosho ni dawa ya vidonda. Dozi ya utafiti ilikuwa triptofani iliyotengwa, na chakula kinakuja na mengine mengi. Nasema tu kwamba mtu anayekula ugali mtupu kwa kuogopa tumbo anajinyima kirutubisho ambacho tumbo lake linakitumia. Samaki wa kuchemsha na nazi nyepesi havina tatizo.

Dawa za jikoni, kwa haraka

Maziwa hutuliza dakika chache, kisha kalsiamu na protini yake huliamsha tumbo kumwaga asidi tena. Kikombe kimoja si dhambi, kuishi kwa maziwa si tiba. Juisi ya kabeji ilipata sifa mwaka 1949 kutoka kwa daktari Garnett Cheney wa California, lakini ulikuwa utafiti wa wagonjwa wachache kabla omeprazoli haijazaliwa. Kunywa ukipenda. Asali ni chakula kizuri. Mwenye kisukari aiogope. Magadi hupooza asidi kwa dakika na kujaza chumvi mwilini, mwenye presha asiyaguse. Mshubiri kwa wengi huishia kuharisha. Katika haya yote hakuna hata kimoja ambacho ningekiweka mezani mbele ya melatonini, na melatonini yenyewe nimekwishaiweka nyuma ya omeprazoli.

Nani achukue ipi

Aliye na dalili za hatari asichague chochote kati ya hivi. Kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kinachong'aa kama lami wakati humezi bismathi wala vidonge vya kuongeza damu, maumivu ya ghafla yanayolifanya tumbo kuwa gumu, kukonda bila sababu, chakula kukwama: huyo aende Bombo au hospitali iliyo karibu leo, si kesho. Na mtu wa umri mkubwa ambaye maumivu yameanza sasa hivi asianze kwa kumeza vitu nyumbani; apigwe picha ya ndani kwa mpira wenye kamera kwanza, maana saratani ya tumbo hutulia kwa muda kwa omeprazoli na kukudanganya.

Kijana ambaye hajawahi kupimwa, anaumwa miezi miwili, hamezi dawa za maumivu: kipimo cha choo kwanza. Akiwa na bakteria, dozi ya siku 14 bila kuruka, kisha kipimo cha pili. Melatonini hana haja nayo.

Aliyekwisha kutibiwa bakteria, kidonda kimeonekana kwa kamera na kinafunga polepole, au maumivu yanamnyima usingizi: huyu ndiye ninayeona melatonini inaweza kumfaa, juu ya omeprazoli, kwa wiki chache, baada ya daktari kujua dawa zake nyingine. Vidonge, si pipi. Utafiti ule wa Poland ulitumia miligramu 5 mara mbili, lakini kidonge cha asubuhi kinasinzisha, na mtu wa kazi ataona taabu. Cha usiku pekee ndicho cha kuanzia mazungumzo na daktari.

Mzee wa magoti anayemeza diklofenaki ndiye anayehitaji kubadilisha kitu. Aanze na parasetamoli, mazoezi mepesi, dawa ya kupaka. Kama diklofenaki ni lazima, iende sambamba na omeprazoli kila siku na iwe ya muda mfupi. Ila aliyeandikiwa aspirini na daktari wa moyo asiithubutu kuiacha kwa sababu ya tumbo, kwani moyo unaweza kumdai zaidi. Amwambie daktari huyohuyo, aongezewe omeprazoli. Kwa watu wa aspirini melatonini ina kiashiria chake kidogo: mwaka 2008 kundi lile la Poland liliwapa watu wenye afya gramu 1 ya aspirini mara mbili kwa siku kwa siku 11, na waliopewa melatonini pamoja nayo walipata michubuko michache tumboni kuliko wasiopewa. Lakini hao walikuwa watu wasio na kidonda, hawana moyo mbovu, wala hawamezi dawa nyingine, na mzee wa aspirini kwa kawaida ana vyote vitatu.